Nusu Njiti

Kata njiti ya kiberiti katikati, Obbo.
Nusu ni taruma. Nusu yenye kichwa
weka kando, usiniulize sasa.
Yaloweshe mataruma usiku kucha kwenye chai ya rangi
iliyokolea, isiyo na sukari. Sukari huita sisimizi,
nao walishanilia stesheni moja nzima.

Reli ni waya wa shaba wa redio mbovu.
Unyooshe kwa kuuviringisha chini ya kibao;
vidole pekee huuachia mawimbi.
Kati ya waya na waya, milimita kumi na moja na nusu:
hiyo ndiyo mita moja ya Tororo
ukiigawa kwa themanini na saba.
Usikadirie. Jicho ni shahidi mwongo.

Mwamba wetu: wavu wa kuku, magazeti,
uji wa muhogo, tabaka tatu,
kila tabaka likauke kwanza.
Mwaka juzi niliharakisha, mvua za Aprili,
ukaota kuvu nyeupe kileleni.
Nikauita Rwenzori, nikautupa.

Kokoto ni maganda ya mayai. Twanga, chekecha kwa soksi.
Gundi izimue kwa maji na tone la sabuni,
idondoshe kwa bomba la sindano, tone,
tone,
usimwage. Ukimwaga kokoto zinaelea
na stesheni inakuwa bandari.

Hapa kwenye maungio, acha mwanya,
unene wa kadi ya simu.
Babu yako alikuwa akisema chuma nacho hupumua mchana.
Alishika bendera ya kijani miaka ishirini na miwili
kwenye jukwaa hili, hili hapa la boksi la viatu,
halafu treni za abiria zikakoma
na yeye akaendelea kwenda, saa kumi na moja alfajiri,
viatu vimepigwa rangi.

Uliniuliza mbona sina watu.
Watu ni kazi.
Nimepiga hesabu: mtu wa futi sita
anatoka milimita ishirini na moja,
sawasawa na taruma.

Sasa ilete ile nusu yenye kichwa.
Ichonge kidogo kiunoni. Koti, rangi ya kaki.
Kofia anayo tayari, nyekundu.
Msimamishe pale karibu na swichi,
gundi miguuni, mshike mpaka ashike.

Na huo mshumaa wako, Obbo,
usogeze huko.