Mwongozo wa Kuzima, Rasimu ya Tatu

Dundee giza limeshaingia, na saa kumi bado,
nami nimekwama aya ya pili:
"Chombo hiki husimamisha michakato
iliyoachwa ikiendelea nyuma ya pazia
na wakala aliyekwisha kuondoka."

Nimefuta "aliyekwisha kuondoka".
Wakala haondoki. Hana miguu wala koti.
Hupewa kazi, huwasha seva ajaribu kitu kimoja,
huandika "Tayari, imekamilika,"
na seva hubaki palepale, mlango nambari elfu tatu u wazi,
ikingoja mgeni asiyekuja,
ikitafuna kumbukumbu kidogo kidogo
kama panya aliyezaliwa ndani ya gunia.

Rasimu naiandika kwa Kiswahili kwanza, halafu naivusha.
Kwenye msimbo neno lililotumika ni kuua.
Mimi naandika kuzima, kama taa.
Fearchar, aliyekiunda chombo, hajui.
Yeye ananiambia tu: fupisha, watu hawasomi.
Namjibu: safari hii wasomaji si watu.
Wakala atausoma wote, neno kwa neno, kufumba na kufumbua,
na atatii hata kosa langu la tahajia.
Mtu ukimwambia "zima zote" atakuuliza, zote zipi?
Huyu haulizi.
Juzi kwenye majaribio alizima zote,
na hifadhidata ya Fearchar,
na yeye mwenyewe.
Hakubaki wa kutoa taarifa.

Basi nimeweka kwa herufi nzito:
USIZIME USICHOKIWASHA.

Chini ya sakafu yangu
redio ya mzee Geddes ilikuwa ikiongea tangu Jumatatu.
Mzee mwenyewe alitolewa Jumatatu hiyohiyo,
wanaume wawili kwenye ngazi nyembamba, wakihemea puani.
Alifuma magunia ya juti mpaka kiwanda kikafungwa;
mitambo ilimla sikio moja,
na redio ikalipa deni kwa sauti.
Matokeo ya mpira. Upepo baharini. Tangazo la mazulia,
usiku kucha, hadi bei naijua kwa kichwa.

Kwenye jedwali la istilahi nilikuwa herufi ya Y:
"Yatima: mchakato ambao mzazi wake amekufa
nao ungali unaendelea."
Istilahi si yangu. Nimeikuta.

Leo mchana akaja Ishbel wa halmashauri
na kitita cha funguo, akaomba shahidi.
Nikashuka na soksi.
Miwani mezani, sufuria ya uji wa shayiri ulioganda,
na redio juu ya friji, ikimcheka mtu.
Ishbel akanitazama. Nikamtazama.
Si yeye aliyeiwasha. Si mimi.

Nikazungusha kitufe polepole,
sauti ikashuka hadi mnong'ono,
nikahesabu moja mpaka tano,
maana ndivyo chombo chetu kifanyavyo:
ishara ya upole kwanza, kisha sekunde tano,
mwenye la kuhifadhi ahifadhi.
Hakuingia mtu kudai.
Nikachomoa waya.

Kimya kile kilikuwa na friji ndani yake.
Friji tuliiacha. Mlikuwa na maziwa.

Sasa Fearchar anauliza iko wapi rasimu.
Naandika: "Kama mwenyewe hajulikani, uliza.
Kama hakuna wa kuulizwa,"
nafuta, naandika tena,
"Kama hakuna wa kuulizwa, basi weka kwenye logi
kilichozimwa, saa, na idhini ya nani."

Mfano, maana mwongozo bila mfano ni kelele:

Redio. Ghorofa ya chini, mlango wa kushoto.
Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini.
Idhini: