Waraka kwa Bwana Ostrander, Kabla ya Oktoba

Bwana Ostrander,
fomu nimeijaza, wino wa buluu kama ulivyotaka.
Urefu, uzito (nimesema kweli),
goti la kushoto lililotiwa chuma,
mzio: nyuki,
na watu wapigao kelele kabla ya kahawa.

Bahati nasibu ya vibali imeniangukia mwaka wa nne.
Barua niliisoma nimesimama penye sanduku la posta,
upepo ukiivuta
kana kwamba umegundua kosa la karani.

Miaka ishirini na sita naendesha basi la shule
hapa Iowa, kwenye kaunti ya mahindi,
nimebeba watoto, kisha watoto wa watoto hao.
Sijaua kitu kikubwa kuliko panya,
na yule panya nilimwomba radhi.

Mstari wa kumi na moja unauliza:
kwa nini swala wa pembe panda, si kulungu wa kwenu?
Nafasi uliyoacha haitoshi kidole.
Nimegeuza karatasi.

Nilimwona mara moja,
mwaka niliompeleka mama Casper kwa dada yake.
Alikimbia sambamba na gari letu,
seng'enge katikati yetu,
kiuno cheupe, pembe nyeusi kama kombeo.
Mshale wangu ulisoma maili hamsini.
Nyuma yake hapakuwa na kitu.
Akatupita. Akakata barabara mbele yetu,
akajiinamisha chini ya waya
kama mtu aingiaye kwa jirani kuomba chumvi,
akageuka kututazama.
Mama akasema, "Huyo anajua kitu."
Kitu gani, hakusema,
na siku hizi hata jina langu hulitafuta.

Nimesoma kwamba nyika hizo zamani zilikuwa na duma wake,
wakatoweka, mifupa tu imebaki.
Yeye bado anakimbia.
Dawa ya deni ni kulipa,
lakini mdai akishakufa, mtu amlipe nani?

Basi, maandalizi.
Bunduki ni ya shemeji Orrin, haijawahi kunipenda.
Kila Jumamosi niko kwenye machimbo ya kokoto:
yadi mia, sahani inalia;
yadi mia mbili, upepo ndio unaoamua.
Nimeuza pikipiki ya theluji, nusu ya ada yako iko njiani.
Nimenunua barafu ya majaribio, nikapima saa zake kwenye jua,
maana uliandika nyama yake haivumilii uzembe.
Jioni natambaa uani, ngozi magotini.
Bi Hruska ameniuliza juu ya ua
kama nimepoteza pete.

Mume wangu Gaylen haji, vumbi humkaba.
Ameondoa mahindi yote rafu ya chini ya friza
na kubandika karatasi: MERNA.
Nikifungua, ubaridi hunitoka usoni,
na ile rafu tupu
hunitisha kuliko bunduki.

Unasema macho yake yamekaa ubavuni, huona karibu pande zote.
Hilo nalielewa. Mimi nina vioo saba.

Lakini nina swali, na fomu yako haina mahali pake.
Ikiwa nimelenga, upepo umetulia,
umeninong'oneza "sasa,"
na kidole kikagoma,
je, utasema nimelipa bure?
Siulizi kwa woga. Au siulizi kwa woga mtupu.
Kila alasiri, kabla ya kufunga basi,
natembea hadi kiti cha mwisho, nainama,
natazama kama kuna mtoto amesinzia.
Sijamsahau hata mmoja.
Mkono huu umezoea kuhesabu waliofika.

Usinijibu kwa barua. Nijibu huko huko, tumelala kifudifudi.

Nitawasili tarehe tatu jioni.
Kahawa iwe kali.
Viatu nimevivaa wiki mbili sasa, hata jikoni;
cha kulia kimeshanikubali.

Merna Tollefsrud