Lenzi ya Milioni Mbili na Laki Saba

Ilikuja kutoka Dar ndani ya boksi la viatu,
imeviringishwa khanga ya mke wa Mhina
kama mtoto aliyetoka leba.
Nilipoipachika, kamera ikainamisha kichwa
kama mtu anayekubali kosa.

Milioni mbili na laki saba.
Nusu ni upatu wa akina mama wa Makorora,
nusu ni michungwa ya Muheza
ambayo mume wangu bado anadhani ni yetu.

Ile ya zamani naihifadhi kwenye ndoo ya mchele.
Unyevu wa Tanga hauna adabu,
huingia hata palipofungwa kwa ufunguo,
na kuvu imeota ndani ya kioo:
nyuzi nyembamba, mizizi ya kitu kisicho na jani.

"Ukipiga na hii," Mhina aliniambia,
"watu watatoka kwenye karatasi wakuamkie."
Na Jumamosi, harusi ya Mwanakheri, kweli walitoka.
Kila chembe ya poda ilitoka.
Ulitoka uzi wa kijani, fundi alipoishiwa mweupe.
Jasho juu ya mdomo wa bwana harusi.
Na ndani ya jicho la mama mkwe, ukilikuza sana,
mimi mwenyewe, mdogo, nimechuchumaa,
ninadaiwa.

Jumatatu, dukani kwangu Barabara ya Nane,
mama yake Mwanakheri alivaa miwani
akapekua picha mia nne na kumi.
Akasita kwenye moja.
"Hii. Nitilie fremu."
Ya asubuhi, jikoni, kabla sijabadili lenzi:
bibi harusi ana rola kichwani, anakula kiporo cha wali,
kona zimefifia, kuvu imeutandaza mwanga
kama maziwa yanapoingia kwenye chai.
Nikataka kumweleza habari za vioo kumi na tisa,
ukali wa ncha hadi ncha.
"Hapa," akasema, "ndipo anapofanana na marehemu baba yake."
Nikaenda kutafuta fremu.

Ningeishia hapo ningewafurahisha wengi:
chombo si kitu, jicho ndilo kila kitu.
Nimegundua wasemao hivyo, wengi wao
chombo wanacho.

Maana usiku uleule, saa nne, umeme ulikatika,
na kabla jenereta halijakohoa
aliingia kwa mlango wa nyuma shangazi Mwanasiti,
asiyesemeshana na ukoo tangu ugomvi wa nyumba ya urithi.
Akamshika bibi harusi kichwani.
Mwanga pekee ulikuwa simu ya mtoto aliyetafuta kiatu.
Lenzi yangu ya ndoo ingeniletea masizi.
Hii ililamba tone lile la mwanga, ikalibakiza lote:
vidole vitano, hina iliyochakaa kwenye kucha,
na uso wa msichana anayesita kugeuka.
Umeme uliporudi, shangazi hayupo.

Mama mtu aliipita picha hiyo haraka,
kama anayevuka mtaro.

Alhamisi Mwanasiti akaja, buibui hadi machoni.
"Nasikia wewe unapiga gizani."
Nikamtolea, saizi ya kiganja.
"Bei gani?"
"Elfu mbili."
"Kijikaratasi hiki?"
Tukapatana elfu moja na mia tano.
Aliiweka kifuani, akaondoka bila bahasha.

Nikafungua daftari, nikaandika:
imebaki milioni mbili, laki sita,
elfu tisini na nane
na mia tano.