Kabati la Tauno

Mwaka tuliooana kabati lilikuwa na kamera moja,
ya chuma, nzito kama nusu tofali,
aliyoinunua kwa marka za kuzoa theluji mjini Oulu.
Ilipiga picha thelathini na sita, ikanyamaza,
nasi tukangoja wiki nzima kujua kama tulicheka.

Kisha lenzi zikaanza kuzaana.
Ya ndege. Ya wadudu. Moja ndefu kama mkono wangu,
iliyoingia wiki ileile jiko lilipokufa.
"Bei ya kutupa," akasema.
Nikapika juu ya mawe ya sauna hadi Pasaka.

Bafu likawa chumba cha giza;
watoto wakaogea kwa jirani, Bibi Hilkka,
wakirudi wananukia sabuni ya lami.

Zikaja za dijitali. Za filamu akaziuza,
akauza za dijitali anunue za dijitali,
nami akaniletea moja, ya waridi. Sijaiwasha.

Februari hii, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
mbingu ikawaka kijani juu ya mto ulioganda.
Betri zikamfia mkononi, moja baada ya nyingine.
Akaingia na buti zake na theluji yake,
akaitoa ile ya chuma, iliyokosa mnunuzi.

"Lenzi ina ukungu," nikamwambia.
"Hata mimi," akajibu, akigusa jicho la kushoto,
akanielekezea mimi, mbingu akaipa kisogo.
Klak.

Hapa hakuna tena asafishaye filamu.
Imekwenda Helsinki; wiki mbili, wamesema.
Sikumbuki kama nilicheka.