Sindano Haina Jicho

Sindano haina jicho. Ina tundu.
Jicho ni langu mimi, Somoe wa Langoni,
na kwa miaka thelathini na miwili tundu hilo
nimelilenga kwa mate na pumzi, mara moja, uzi ukapita.

Halafu uzi ukaanza kugoma.
Nikasema ni uzi, siku hizi wanauza wa ovyo.
Nikasema ni taa. Nikasema ni Ramadhani, ni njaa.
Nikahamia barazani, nikahamia darini,
nikilifuata jua kama paka,
na bado bulibuli ya watu mapajani mwangu
ilikuwa ukungu mweupe juu ya kitambaa cheupe.

Hata punda wakabadilika.
Zamani punda alikuja:
kwanza kwato, kisha masikio, kisha mzigo wa mawe.
Sasa haji. Anatokea tu,
ubavuni, ameshafika, pua ya moto begani,
na mwenye punda: "Mama, huoni?"
Naona! Namuona yeye, meno yake, hasira yake.
Kilichokatika ni kando za dunia,
kama leso iliyoliwa pindo na panya.

Hospitalini, muuguzi Dhahabu akanisimamisha kwenye mstari,
akaniziba jicho moja kwa kijiko cheusi.
Ukutani herufi moja tu, yenye vidole vitatu.
"Vidole vinaelekea wapi?"
"Kibla."
Akacheka. "Na hii?"
"Shela."
"Mama, sema juu, chini, kulia, kushoto."
Lakini kulia kwangu hubadilika nikigeuka;
Shela haijawahi kuhama.

Jicho la kulia lina mtoto, akasema daktari.
Nimezaa watano, nikazika wawili;
huyu wa sita sikumbeba, sikumpa jina,
akatolewa kabla chai haijapoa.
La kushoto ndilo lenye neno zito: presha.
Si ya damu. Ya humo ndani, kimya, haiumi,
imeutafuna mshipa miaka na miaka.
"Kilichokwenda hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki.
Kila siku, hata ukijiona mzima.
Hasa ukijiona mzima."
Chupa mbili, sura moja.
Nikazifunga uzi shingoni:
fundo moja, ya usiku tu;
mafundo mawili, asubuhi na usiku.
Vidole vyangu havijawahi kuomba taa.

Bandeji ikatoka Alhamisi.
Husemwa macho hayana pazia;
langu lilikuwa nalo, na lilipovutwa
niliona kwanza pengo la Dhahabu, anatabasamu,
kisha mikono ya mwanamke mzee,
nikauliza ni ya nani.

Nyumbani nikafungua sanduku.
Kofia saba za siku za ukungu, zangoja mnunuzi.
Nilitarajia aibu, mishono iliyopotea njia.
Zote zimenyooka. Vitundu vimepangana kama tasbihi.
Ila mshono umelalia kushoto.
Mimi si mashoto.
Nyumba hii ina mashoto mmoja,
wifi yangu Amriya, ambaye hatujasemezana vizuri
tangu ule ugomvi wa sinia la marehemu mama.
Alikuwa akingoja nilale.
Anafumua, anashona, anarudisha kapuni,
kwa taa ya simu, miaka miwili,
naye ana sukari, na macho hajapimwa hata siku moja.

Sikumshukuru. Ningeanzia wapi?
Nilimpelekea chai ya rangi, isiyotiwa kitu,
nikamwambia: "Kesho vaa buibui mapema."
"Twaenda wapi?"
"Ndoo tu."

Sasa amekaa mbele ya ukuta, kijiko jichoni,
kidevu juu, kama mtu anayedaiwa.
Nimekaa kushotoni kwake,
ili yeye awe upande ninaoona.
"Vidole vinaelekea wapi?"
Amriya anakunja uso. Ananyamaza.
Ananyamaza mno. Nauma ulimi nisimnong'oneze.
"Shela," anasema.
Na Dhahabu, ambaye sasa anajua Shela iliko,
anainama, anaandika.