Ubeti wa Saba

Kibokoni, dirishani kwa Bi Thureya palikuwa na redio kaseti,
na ndani yake mke wa mtu, kaiba ufunguo wa mumewe,
anashuka ngazi, viatu mkononi.
Ubeti wa saba, redio ikatafuna utepe.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama, akikanda unga wa mahamri,
alinimalizia: leo katoroka, kesho karudi,
siku ya mvua kamkuta mume macho,
keshamtilia chai.

Sasa nina sitini na mbili. Jana, Mwembe Tayari,
fundi wa saa alinipigia kanda ile ile, nzima.
Nilisikiliza hadi ubeti wa sita.
Zima, mwanangu, nikamwambia.

Yule mwanamke
yuko ngazini bado,
na mikono ya mama ina unga.