Dodoso

Limeletwa dodoso kutoka Kampala, kurasa sita,
kalamu ya bluu imebanwa juu yake kwa klipu.
"Je, kampuni yenu iko tayari
kwa mfumo wa majengo ya kidijitali?
Zungushia namba, moja hadi tano."

Mimi Lamwaka, mchora ramani,
najaza ndani ya kontena la bati hapa Gulu,
barabara ya kwenda Layibi, inapojengwa wodi ya wazazi.
Kompyuta tunayo. Moja.
Kumbukumbu yake fupi kama ya mdaiwa:
wodi nzima haiwezi kuibeba,
naifungulia sakafu moja moja,
nikifika paa, msingi umeshasahauliwa.
Bando hununuliwa Jumatatu; Alhamisi tunaomba la jirani.
Umeme? Swali hilo halimo.

Nizungushie ngapi?

Jumatano walimwaga zege la boriti ya mashariki.
Alhamisi umeme uliporudi, modeli ikawaka nyekundu:
bomba la maji machafu, inchi nne,
limepita katikati ya boriti ileile
kama mgeni asiyebisha hodi.
Nikashuka mbio, kichwani kofia ya mtu.
Okidi, msimamizi, akakunjua ramani yake ya mfukoni,
ina mafuta ya chapati, ina jasho la mwezi mzima,
akasema, "Karatasi haikusema."
Kweli, haikusema.
Siku mbili nyundo zikalia.
Kila pigo nilihesabu mifuko ya saruji.

Mkurugenzi alipouliza hasara ni ya nani,
kila mtu alitazama viatu vyake.

Lakini jana jioni (na hili nalo halijaulizwa)
Ojara mfunga nondo alipanda ngazi ya kontena,
akavua buti mlangoni,
akasimama nyuma yangu, ananuka kutu.
"Ile nguzo ya pembeni. Izungushe."
Nikaizungusha.
"Tena. Nataka kuona mgongo wake,
kule ambako mkono wangu hautafika zege likishamwagwa."
Kidole chake kikafuata nondo juu ya kioo,
kikaacha mstari wa vumbi jekundu,
kikasimama.
"Hapa. Hapa koleo langu halipiti."

Sijaufuta ule mstari.

Dodoso linasubiriwa saa kumi.
Nimezungushia mbili, nikafuta,
nikazungushia tatu, nikafuta,
karatasi imetoboka.
Kwenye "Maoni mengine" wameacha nafasi ya mstari mmoja.
Nimeandika: Leteni kiti cha pili.